Taya Likirudi, Tiba Haijaisha



Jioni moja majuma mawili yaliyopita, nikiwa nimekaa barazani nyumbani kwangu Temeke, alinijia mgeni wa jirani yangu. Ni mtu wa makamo, mvuvi kutoka mkoa wa Mara, ambaye alifika mjini mwezi uliopita akimleta mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka sita. Jirani yangu, ambaye ni shemeji yake, alikuwa amemweleza kwamba mimi huandika habari za afya gazetini, naye akaona hapana ubaya kuuliza. Baada ya kusalimiana na kunywa chai alinena hivi:

"Ndugu yangu, mtoto nilimleta taya limevimba kama embe. Hospitali wakamlaza, wakamtundikia dawa mara moja tu. Siku ya sita uvimbe ukawa umekwisha, mtoto anakula ugali. Sasa wananiambia nikae hapa miezi. Nyumbani nimeacha nyavu na watoto wengine wanne. Mtu aliyepona hutibiwa nini?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Siyo kwamba jibu halipo. Lipo, na linajulikana kwa zaidi ya miaka hamsini. Lakini swali lake ni la haki, na mtu anayeacha nyavu zake hastahili kujibiwa kwa amri tu kwamba "daktari kasema". Jibu nililompa nimeona nilieleze na hapa, kwa kuwa najua wapo wazazi wengi wanaojiuliza swali lile lile wakiwa peke yao, nao hufunga mizigo yao usiku na kuondoka wodini pasipo kuaga.

Maradhi ya mtoto yule ni limfoma, yaani saratani inayoanzia katika chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuukinga mwili. Limfoma ziko za namna nyingi. Hii inayoshika mataya ya watoto wadogo huitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la daktari aliyeieleza. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa, na wavulana huwa wengi kuliko wasichana, takriban wawili kwa mmoja. Haiambukizi. Mtoto mwenye maradhi haya anaweza kulala kitanda kimoja na nduguye, wakala sahani moja, bila madhara yoyote. Wala haikutokana na mkono wa jirani mwenye kijicho, ingawa baba yule aliniambia kwamba hilo ndilo jambo la kwanza alilodokezewa kule kijijini.

Habari ya mtoto ilianza kwa jino. Gego la chini lililegea, na kwa mtoto wa miaka sita nani atashangaa jino kulegea? Huo ndio umri wenyewe wa kung'oka. Akapelekwa zahanati, jino likang'olewa. Juma la pili likalegea la pembeni yake, nalo likang'olewa, na ufizi ukawa umenenepa. Akapewa dawa ya usaha. Juma la nne shavu lilikuwa limejaa, na meno yaliyobaki upande ule yalikuwa yameelekea huku na huku kama nguzo za ua uliosukumwa na ng'ombe. Hapo ndipo mganga mmoja wa zahanati nyingine, Mungu ambariki, alipomtazama mtoto kinywani kwa tochi na kusema hili si jino, mpelekeni mbele.

Mzazi mwenzangu, ishike alama hiyo. Jino bovu huuma, na likishang'olewa uvimbe hupungua. Jino linalolegea bila kuoza wala kuuma sana, kisha mengine yakalifuata, na uvimbe ukaendelea kukua hata baada ya kung'oa, hilo si jambo la kungojea mwisho wa mwezi. Chembe za limfoma hii zaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Katika saratani zote zinazowapata binadamu, hakuna nyingi zinazokimbia namna hiyo. Ndiyo maana wazazi husema, na husema kweli, kwamba "juzi hakuwa hivi".

Wala taya si mlango wake pekee. Kwa watoto wengine maradhi huanzia nyuma ya jicho, na jicho likasukumwa nje. Kwa wengine huanzia tumboni, katika figo, ini au, kwa wasichana, katika vifuko vya mayai, na tumbo hujaa haraka hata watu wakadhani ni minyoo au utapiamlo. Wengine huletwa miguu imekufa ganzi, hawawezi kusimama, kwa kuwa uvimbe umeugandamiza uti wa mgongo. Mtoto aliyekuwa akicheza mpira wiki iliyopita na leo hawezi kusimama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maradhi haya yalitambuliwa karibu na kwetu, na kisa chake chafaa kusimuliwa kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu la yule baba. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Hakupata kuona ugonjwa wa namna ile. Wiki chache baadaye akiwa katika hospitali ya Jinja alitupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake majanini, na uso wake ulikuwa ule ule. (Burkitt alikuwa na jicho moja tu, la pili lilipotea katika ajali ya utotoni.) Akaanza kuzifukua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akaandika habari yake katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Alitaka kujua maradhi yanaishia wapi. Mwaka 1961, mwaka ule ule ambao Tanganyika ilipata Uhuru, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakaondoka Kampala kwenda hadi Afrika ya Kusini na kurudi. Kwa wiki kumi walikwenda maili 10,000 hivi, yapata kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuwaonyesha wauguzi picha za watoto: je, wa namna hii mnawapata? Majibu waliyokusanya yalichora ukanda. Maradhi yalikuwako kwenye nchi za joto na mvua, mwambao na kandokando ya maziwa. Yalikosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ukanda huo ulikuwa ni ukanda wa mbu.

Watu wakadhani mbu ndiye mbebaji wa saratani yenyewe. Ilionekana baadaye kwamba sivyo. Mwaka 1964 Anthony Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, waliona kirusi katika chembe za vivimbe zilizopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala, na hadi leo kirusi hicho kinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Kirusi hicho karibu sote tunacho. Hupita kwa mate, na watoto wetu wengi hukipata wakiwa bado wachanga, kisha hujilaza ndani ya chembe nyeupe kwa maisha yote pasipo kufanya lolote. Lakini mtoto ambaye malaria humrudia mara kwa mara tangu utotoni, kinga yake huchoka kukidhibiti kirusi, na papo hapo chembe nyeupe huchochewa kuzaliana kupita kiasi. Katika kuzaliana huko kwa pupa hutokea kosa: vipande vya kromosomu hukatika na kuungana mahali pasipo pake, na chembe moja ikapoteza breki. Basi hiyo moja ndiyo mama wa uvimbe wote.

Kosa hilo haliwapati wote. Watoto wanaougua malaria ni maelfu kwa maelfu, na wanaopata limfoma hii ni wachache mno. Hata hivyo neno la malaria lilipimwa hapa hapa Tanzania. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa Mara ya Kaskazini waligawiwa vidonge vya klorokwini ili kuizuia malaria, na katika miaka hiyo limfoma ya Burkitt ilipungua sana. Watafiti wakakiri, kama inavyompasa mtafiti mwaminifu, kwamba kupungua kulianza hata kabla ya vidonge, kwa hiyo sifa yote haiwezi kupewa vidonge. Klorokwini yenyewe iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001. Chandarua kingali kina kazi yake. Nilimwambia hayo yule baba, akanijibu kwamba chandarua alichopewa alikuwa amefunikia mboga. Hatukugombana.

Sasa tuje kwenye tiba. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini aliona mapema kwamba kisu hakifai kitu: ukikata taya, uvimbe hurudi kabla ya kidonda kupona. Mionzi haikuwako Mulago. Ikabaki dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianza kuwapa watoto dawa za kuua chembe za saratani ambazo wakati ule zilikuwa ngeni duniani kote, kama siklofosfamidi na methotreksati. Ikawa ajabu. Watoto waliokuwa hawawezi kufumba kinywa walirudiwa na sura zao kwa muda wa siku chache. Maana chembe zinazojigawa kwa kasi ndizo hasa zinazonaswa na dawa hizo, na kule kukimbia kwao ndiko kunakoziponza. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo maalumu cha kutibu limfoma. Katika misukosuko ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani waliokiongoza waliondoka, na Charles Olweny, Mganda, akakiendesha.

Yule baba aliposikia hayo akanikatiza. "Basi si umesema mwenyewe? Siku chache."

Na hapa nisiwafiche jambo, kwa sababu nililikuta nami likanitia mashaka. Ni kweli kwamba miongoni mwa watoto wa mwanzo wa Burkitt walikuwamo waliopata dawa mara moja au mbili tu, wakaondoka, na miaka mingi baadaye wakapatikana wazima. Habari ya namna hii husafiri upesi kuliko basi. Isiyosafiri ni habari ya wenzao walio wengi, ambao uvimbe uliwarudia katika miezi michache, wakarudishwa hospitali wakiwa wamechelewa, au hawakurudishwa kabisa. Hakuna mzazi awezaye kujua mwanawe atakuwa katika kundi gani, na daktari naye hawezi.

Nikamwuliza kama kwake kuna kunguni. Akacheka, akasema wapo kila kwenye kitanda cha kamba. Nikamwambia, ukimwagia kitanda maji ya moto leo, utalala usiku wa leo na wa kesho. Huoni kunguni hata mmoja. Je, umewamaliza? Akasema la, mayai yamo kwenye nyufa, utamwagia tena na tena.

Uvimbe ndivyo ulivyo. Kivimbe cha ukubwa wa ncha ya kidole huwa na chembe zipatazo milioni elfu moja. Tuseme dawa ya kwanza imeua chembe 999 katika kila 1,000. Huo ni ushindi mkubwa, na kwa macho wala kwa kidole hutahisi kitu. Lakini milioni moja zimebaki. Zikijiongeza maradufu mara kumi tu, zinarudi kuwa milioni elfu moja. Kwa maradhi mengine mara kumi ni miaka. Kwa haya ni majuma machache, na zile zilizosalia ndizo zilizoistahimili dawa. Kwa hiyo dawa ya pili hutolewa wakati mtoto anaonekana mzima, kwa sababu huo ndio wakati ambao adui ni wachache. Mara nyingi mizunguko huwa minne hadi sita, ikiachana kwa majuma mawili au matatu.

Liko na jambo la sindano ya mgongo, ambalo huwakimbiza wazazi kuliko lolote. Watu husema sindano ile humlemaza mtoto. Ukweli ni kwamba chembe za saratani hii hupenda kujificha katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya mshipani haifiki vizuri. Zisipofuatwa huko, ndizo zitakazomlemaza. Sindano hupigwa chini kabisa mgongoni, pale ambapo uti wenyewe umekwisha kukoma na imebaki mishipa inayoelea.

Siku za mwanzo za tiba zina hatari yake, ambayo ajabu yake hutokana na dawa kufanya kazi vizuri mno. Chembe nyingi zikifa kwa mpigo, takataka zake humiminika katika damu na zaweza kuziba figo. Ndiyo maana mtoto hutundikiwa maji mengi, na muuguzi humwambia mama aukusanye mkojo wote upimwe. Akina mama wengine huona ni usumbufu na kumwaga. Usiumwage, mama. Kopo hilo ndilo linalomwambia daktari kama figo zinafanya kazi.

Baadaye nywele zitanyonyoka, na zitaota tena. Atatapika. La kuogopa ni homa. Kati ya mzunguko na mzunguko chembe nyeupe za kinga hupungua, na kijidudu kidogo ambacho mtoto mwingine asingekihisi chaweza kumwua kwa siku moja. Mtoto aliye kwenye tiba akipata homa, hata kama ni usiku wa manane, hapewi dawa ya homa na kulazwa. Anarudishwa wodini saa ile ile.

Baba aliniuliza pia tumaini ni kiasi gani hasa. Nilimpa hesabu zote mbili. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya tisa katika kila kumi wenye limfoma hii hupona kabisa. Katika nchi zetu za Afrika, hali iko kwenye nusu hivi, pengine chini ya hapo. Tofauti hiyo ina mambo mengi: kuchelewa kufika, dawa zinazokatika, maabara chache, lishe mbovu ya mtoto kabla hajaugua. Lakini lipo moja ambalo halihitaji fedha za kigeni, nalo ni mtoto aliyeanza dawa kuimaliza. Na uzuri wa maradhi yanayokimbia ni kwamba hata kurudi hurudi upesi. Miaka miwili ikipita bila dalili, mtoto huhesabiwa kuwa amepona, naye atakua, ataoa.

Kabla sijaweka kalamu, neno kwa wenye vijana wakubwa, kwani limfoma haiishii kwa watoto wa shule ya msingi. Kwa vijana wa miaka kumi na mitano hadi thelathini na zaidi kidogo hutokea sana ile iitwayo ya Hodgkin, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1832. Hii haikimbii. Huanza kwa tezi shingoni au juu ya mtulinga, isiyouma, ngumu kiasi kama mpira wa kufutia, na kukua polepole kwa miezi. Wengine hutokwa jasho usiku hata shuka zikalowa, hupata homa zinazokuja na kuondoka, hukonda, hujikuna mwili mzima bila upele. Mtasema, hiyo si kifua kikuu? Ndiyo, hufanana nacho sana, na kifua kikuu cha tezi ni kingi kwetu. Kwa sababu hiyo vijana hupewa dawa za kifua kikuu kwa kukisia, miezi sita ikapita, na tezi haikuondoka. Kijana ambaye tezi yake haipungui baada ya majuma kadhaa ya dawa aombe, tena kwa sauti, kwamba tezi itolewe na kupimwa kwa hadubini. Kuichoma kwa sindano na kuvuta maji peke yake mara nyingi hakutoshi. Na atakayeambiwa apime virusi vya UKIMWI asione ametukanwa, kwani wenye virusi hivyo hupata limfoma zaidi kuliko wengine, na tiba zote mbili huenda pamoja. Hodgkin ikikamatwa mapema, wengi sana hupona.

Watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili hapa Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi, na wa Kanda ya Ziwa hana haja ya kuvuka nchi nzima isipokuwa ameelekezwa. Nendeni na kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya rufaa, na kinyama kilichokatwa au majibu yake kama kipimo kilikwisha kufanywa mahali pengine, ili msianze upya. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Mzazi asiye na nauli ya kurudi wala mahali pa kulala aende pale siku ya kwanza, asingoje mpaka fedha ziishe ndipo aone haya na kutoroka.

Yule baba hakuniambia kwamba nimemshawishi. Aliondoka akasema atazungumza na shemeji yake. Lakini nimeambiwa na jirani kwamba Jumatano iliyopita mtoto alipewa mzunguko wa pili, pamoja na sindano ya mgongo, akalia sana na baada ya saa moja akaomba chipsi. Baba amekata tiketi ya basi kwenda Musoma peke yake, akaziangalie nyavu. Mama mdogo wa mtoto amechukua likizo yake ya mwaka kiwandani, siku ishirini na nane, na ndiye anayelala wodini. Likizo hiyo itafika mpaka mzunguko wa tatu. Kwa wa nne, wanatafuta mtu.